MAJI, CHUMVI NA UMEME
Kipimo kinasema ukweli, lakini hakisemi ukweli wote



Mwezi huu ukurasa wetu wa usalama na afya unawaletea somo juu ya kipimo kidogo ambacho wengi wenu mmekwisha kukiona. Kinafanana na kalamu nene. Unakichovya ndani ya maji, unangoja kidogo, na namba inatokea. Watu wa laboratwari wanakitumia kujua chumvi iliyo ndani ya maji. Wataalamu wa bahari wanafanya kazi kwa njia hiyo hiyo, ila vyombo vyao ni vikubwa zaidi na vya bei kali.

Siku hizi kipimo hiki kidogo kinauzwa kwa bei nafuu, na ndiyo sababu inafaa tukizungumzie. Muuzaji wa maji anaweza kukichovya mbele ya mteja na kusema: "Tazama mama, namba ni ndogo, maji haya ni safi." Je, anasema kweli? Tufuate somo hatua kwa hatua, na mwishoni kila mmoja ataweza kumjibu mwenyewe.

1. KWA NINI MAJI YA CHUMVI YANAPITISHA UMEME?

Maji matupu, yasiyo na kitu ndani, hayapitishi umeme vizuri. Chumvi ndiyo inayofungua njia. Ukitia chumvi ya jikoni ndani ya maji, inayeyuka na kugawanyika katika chembe ndogo sana za namna mbili. Zile za sodiamu zina umeme chanya, na zile za klorini zina umeme hasi. Mswidi Svante Arrhenius alieleza jambo hili mwaka 1884, na mwaka 1903 akapewa Tuzo ya Nobel ya kemia.

Sasa tia ndani ya maji vipande viwili vya chuma vilivyounganishwa na betri. Chembe chanya zinakimbilia upande mmoja, na chembe hasi zinakimbilia upande wa pili. Mwendo huo ndio umeme, au kuran kama tulivyozoea kusema. Chembe zikiwa nyingi, umeme unapita kwa wingi. Zikiwa chache, unapita kidogo. Kwa hiyo ukipima umeme uliopita, umejua chumvi ni kiasi gani bila kuonja na bila kuchemsha mpaka maji yakauke.

Sukari haifanyi hivyo. Inayeyuka pia, lakini haigawanyiki katika chembe zenye umeme. Maji yenye sukari nyingi sana yanaweza kuonekana kwenye kipimo kama maji matupu. Tulishike neno hili, tutalihitaji mbele.

2. JARIBIO LA NYUMBANI

Vijana, mnaweza kuona jambo hili kwa macho yenu. Chukua betri tatu ndogo za tochi zilizopangwa moja baada ya nyingine, kiampuli kidogo cha LED kama kile cha tochi za siku hizi, nyaya tatu na glasi moja. Unganisha vyote katika duara moja, lakini acha ncha mbili za nyaya ziingie katika glasi bila kugusana.

Tia maji ya mvua: taa haiwaki, au inawaka kwa shida. Tia vijiko viwili vya sukari: hakuna kinachobadilika. Sasa tia nusu kijiko cha chumvi ukoroge: taa inawaka.

Angalisho: tumia betri za tochi tu. Usitumie hata siku moja umeme wa nyumba au wa jenereta kwa mchezo huu. Sababu yake iko katika sehemu ya 7.

3. JINSI BAHARI INAVYOPIMWA

Sisi wa Ituri bahari iko mbali nasi, lakini nchi yetu inayo bahari. Kule Muanda na Banana tuna pwani ya kilomita 40 hivi, pale mto Kongo unapomwagika.

Kilo moja ya maji ya bahari ina kama gramu 35 za chumvi. Mtu atasema kazi ni rahisi: chemsha, kausha, pima kinachobaki. Lakini chumvi nyingine zinaharibika kwa moto, na nyingine zinashikilia maji, basi mizani inadanganya. Kwa hiyo tangu mwanzo wa karne ya 20 wataalamu walitumia dawa ya fedha, nitrati ya fedha, kupima klorini peke yake. Kisha wakakadiria chumvi yote, kwa sababu chumvi mbalimbali za bahari zimechanganyika karibu kwa kiasi kile kile kila mahali, iwe Mombasa au Banana. Maji ya kulinganishia yalitoka Copenhagen, yamefungwa ndani ya chupa za kioo.

Njia hiyo ilikuwa nzuri lakini ya polepole. Njia ya umeme ni ya haraka, ila ilidai mambo mawili.

La kwanza ni namna ya umeme. Umeme wa betri unaokwenda upande mmoja unaleta mapovu na uchafu kwenye vyuma, na kipimo kinaharibika. Mjerumani Friedrich Kohlrausch, katika karne ya 19, alitumia umeme unaogeuka huku na huku mara nyingi kwa sekunde. Vipimo vya leo vinafuata njia hiyo.

La pili ni joto. Maji yakipata joto, chembe zinakimbia upesi zaidi. Kwa kila digrii moja umeme unaongezeka kama 2 kwa mia. Maji yale yale yaliyopimwa asubuhi kwa digrii 18 na mchana kwa digrii 28 yangetoa namba mbili tofauti, na mtu angefikiri kuna aliyetia chumvi. Kwa sababu hiyo kipimo kizuri kina kipimajoto ndani yake, na namba inasahihishwa kana kwamba maji yana digrii 25.

Mwaka 1978 wataalamu wa dunia walikubaliana juu ya mizani moja ya chumvi ya bahari inayofuata umeme. Maji ya kulinganishia yanatengenezwa kwa kuyeyusha kloridi ya potasiamu, gramu 32.4356 katika kila kilo ya mchanganyiko. Kwa digrii 15 yanapitisha umeme sawasawa na maji ya bahari yenye chumvi 35. Mwaka 2010 hesabu zilirekebishwa tena, lakini baharini bado ni umeme unaopimwa. Leo karibu vyombo 4,000 vinavyoelea vyenyewe katika bahari za dunia vinazama mpaka mita 2,000, vinapanda vikipima joto na chumvi, kisha vinatuma namba kwa satelaiti.

Mbele ya Banana kipimo kinaonyesha jambo la ajabu. Mto Kongo unamwaga kama mita za ujazo 40,000 kila sekunde. Maji hayo matamu ni mepesi, yanaelea juu ya maji ya chumvi. Ukishusha chombo, juu namba ni ndogo, na mita chache chini yake inaruka juu. Kwa jicho ni maji yale yale, lakini kipimo kinajua kwamba ni mawili.

4. NA ZIWA LETU JE?

Namba za kipimo zinaandikwa kwa mikrosiemensi katika kila sentimita. Tutasema "namba" tu. Hizi ni namba za kukadiria, zitusaidie kulinganisha:

Maji yaliyotoneshwa ya laboratwari: chini ya 5
Maji ya mvua: mara nyingi chini ya 50
Ziwa Victoria: kama 100
Ziwa Albert: kama 700
Ziwa Edward: kama 900
Serumu ya chumvi ya hospitali, gramu 9 kwa litri: kama 16,000
Maji ya bahari: kama 53,000

Kwa maji matamu kuna hesabu ya mkato: zidisha namba kwa 0.65 upate miligramu za chumvi katika litri moja. Ziwa Albert, 700 mara 0.65, ni kama miligramu 455, karibu nusu gramu. Bahari inalishinda zaidi ya mara 70.

Kwa nini ziwa letu lina chumvi kuliko Victoria? Mto Semliki unaliletea maji ya Ziwa Edward, na jua linakausha maji mengi lakini haliondoi chumvi. Na kwa nini halijawa bahari? Kwa sababu lina mlango wa kutokea: Nile inachukua maji pamoja na chumvi yake kwenda kaskazini. Ziwa Katwe la Uganda halina mlango, basi chumvi imejaa mpaka watu wanaivuna. Ng'ambo ya ziwa letu, pale Kibiro, wamama wanatengeneza chumvi tangu karne nyingi, kwa kuchuja udongo uliolowanishwa na chemchemi za moto.

Shirika la Afya Duniani linasema maji yenye chumvi chini ya miligramu 600 kwa litri huwa na ladha nzuri, na yakipita 1,000 watu wengi huanza kuyakataa kwa ladha. Kwa hiyo kwa upande wa chumvi, maji ya Ziwa Albert yamefaulu mtihani.

Hapa ndipo hatari inapojificha.

5. MAMBO AMBAYO KIPIMO HAKIYAONI

Hakioni kolera. Mwezi wa 10 mwaka 2017 kolera ilitokea katika kijiji cha Kaiso, wilaya ya Hoima, upande wa Uganda wa ziwa hili hili. Watu wa afya walipopeleleza waligundua kwamba mvua ilisukuma kinyesi kupitia korongo mpaka pale watu walipochota maji ya kunywa. Miezi michache baadaye, Februari 2018, ndugu zetu waliokimbia vita vya Ituri kwa mitumbwi walifika Hoima, na kolera ikawashika huko. Wagonjwa walipita 1,000. Upande wetu pia, Kasenyi na Tchomia wanaijua kolera, si wageni wake.

Mtu angechovya kipimo katika maji yale, namba ingekuwa ile ile 700, maji ya ladha nzuri. Vijidudu haviongezi umeme kwa kiasi ambacho kipimo kinaweza kuona. Litri moja inaweza kuwa na vijidudu vya kuua jamaa nzima na namba isitikisike.

Sasa tufanye kinyume. Mama anachota maji yale yale, anayachemsha vizuri, yanapoa. Anachovya kipimo: karibu namba ile ile! Mtu asiyejua atasema kuni zimepotea bure. Sivyo. Moto umeua vijidudu lakini haukuondoa chumvi, na kipimo kinaona chumvi tu. Mama ameokoa watoto wake na kipimo hakina habari.

Wengine husema chumvi inaua vijidudu, basi maji yenye chumvi kidogo ni salama. Hilo ni kosa. Kijidudu cha kolera kinaishi vizuri katika maji yenye chumvi kiasi, hata penye mito inayoingia baharini.

Hakioni zebaki. Zebaki, ile merkiri ya kukamatia dhahabu, inaharibu akili na mishipa ya fahamu, na inamdhuru mtoto angali tumboni. Dunia ilijifunza hivyo kwa uchungu kule Minamata, Japani, tangu mwaka 1956. Shirika la Afya Duniani linakubali si zaidi ya mikrogramu 6 za zebaki katika litri ya maji ya kunywa. Linganisha na miligramu 455 za chumvi ya ziwa: kwa kila sehemu moja ya zebaki kuna sehemu 75,000 za chumvi. Ni kama kutafuta sauti ya mbu kando ya jenereta. Zebaki inahitaji laboratwari yenye vyombo vyake.

Hakioni iodini. Chumvi yenye iodini na chumvi isiyo nayo zinatoa namba moja. Hiyo mama aitazame kwenye maandishi ya pakiti, maana bila iodini goita inaingia nyumbani.

6. BASI KIPIMO KINATUFAA WAPI?

Kinatufaa sana tukijua swali lake. Swali lake ni moja: chumvi zilizoyeyuka ni kiasi gani, na je, zimebadilika?

Kwenye mgodi, mawe mengi ya dhahabu yamechanganyika na piriti, lile jiwe la manjano linalowadanganya wageni. Piriti ikikutana na hewa na maji inatoa asidi, na asidi inayeyusha madini mengine. Maji hayo yanapitisha umeme kwa nguvu. Kama kijito kilicho chini ya bwawa la mabaki kimesoma 120 kila juma, na leo kinasoma 600, kuna kitu kimevuja. Kipimo hakitaji jina la mwizi, lakini kimebweka kama mbwa wa mlinzi. Toa habari kwa mkubwa wa usalama, zuia watu kuchota pale, na sampuli iende laboratwari.

Kwenye visima vya pwani, kama vile vya Dar es Salaam, namba inayopanda mwaka hadi mwaka inaonya kwamba watu wanavuta maji kupita kiasi na bahari inaingia chini ya ardhi.

Na tusisahau mwili wetu. Serumu ya hospitali ina gramu 9 za chumvi kwa litri kwa sababu inafuata damu. Maji ya bahari yana zaidi ya mara tatu ya hapo. Figo haziwezi kutoa mkojo wenye chumvi kama bahari, kwa hiyo anayekunywa maji ya bahari anakojoa maji mengi kuliko aliyokunywa, na anakauka.

Mtoto akihara, tumia pakiti ya ORS katika litri moja kamili ya maji safi. Kama pakiti haipo: litri moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Onja: isiwe na chumvi kupita machozi. Kumbuka neno la sukari: kipimo cha umeme hakitakuambia kama umesahau sukari, na bila sukari utumbo haupokei chumvi na maji vizuri. Kijiko na jicho la mama ndivyo vipimo vya kazi hii. Kisha mlete mtoto dispensari apate na zinki. Kuhara kama maji ya mchele ni mbio za saa, si za siku. Usingoje kesho.

7. SHERIA ILE ILE KATIKA NGOZI YAKO

Jasho ni maji ya chumvi, gramu chache kwa litri. Kwa hiyo sheria ya glasi ya vijana inafanya kazi mwilini mwako pia. Ngozi kavu inazuia umeme kwa nguvu, pengine omu 100,000. Ngozi iliyolowa jasho au maji ya shimo inaweza kushuka mpaka omu 1,000.

Fanya hesabu na umeme wa volti 220. Gawa kwa 100,000: miliampia 2, utashtuka. Gawa kwa 1,000: miliampia 220, moyo unaweza kusimama. Waya ni ule ule na mtu ni yule yule, kilichobadilika ni maji na chumvi juu ya ngozi. Na maji ya mgodi yenye madini yanapitisha umeme kuliko maji ya mvua.

Kwa hiyo:

Pampu ya maji isiguswe wala kusogezwa kabla ya kukata umeme.
Waya uliochubuka usifungwe kitambaa wala karatasi. Ubadilishwe.
Usiingie penye maji yaliyotuama kama kuna waya ndani, hata kama unaona imezimwa.
Laini ya pampu iwe na swichi inayokata yenyewe umeme ukivuja miliampia 30.
Mwenzako akinaswa, usimshike! Kata umeme kwanza. Ikishindikana, msukume kwa mti mkavu ukiwa umesimama pakavu. Kama hapumui, anza kumkandamiza kifua mara moja na mwite muganga.

TUKUMBUKE

Kipimo cha umeme kinapima chumvi iliyoyeyuka. Hakipimi vijidudu, zebaki wala sukari.
Namba ndogo si cheti cha usafi. Namba iliyobadilika ghafula ni onyo.
Maji ya ziwa, mto au kisima kisicholindwa yachemshwe mpaka yatokote kwa nguvu dakika moja kamili, au yatiwe dawa ya klorini kama pakiti inavyoagiza na kungoja nusu saa. Yakiwa machafu, yachujwe kwanza.
Bidoni ioshwe na kufunikwa. Maji mazuri ndani ya bidoni chafu ni maji machafu.
Choo kiwe mbali na maji, na kitumike.

MASWALI YA VIJANA

1. Mama ana vikombe viwili, kimoja cha maji ya sukari na kimoja cha maji ya chumvi. Kiampuli kitawaka kwa kipi?
2. Maji yalisoma 100 kwa digrii 25. Kipimo kisichosahihisha joto kitasoma kiasi gani kwa digrii 30?
3. Muuzaji anaonyesha maji yanayosoma 40. Utamwuliza nini kabla ya kununua?

Majibu: (1) Kwa maji ya chumvi. (2) Kama 110. (3) "Ndugu, nimeona chumvi ni kidogo. Sasa niambie, umeyatoa wapi, na umeua vijidudu kwa njia gani?" Akishindwa kujibu, rudi nyumbani ukachemshe ya kwako.